Yaya wa Malindi na viza ya Italia

Swali: Assalamu alaikum. Dada yangu amelea watoto wa familia ya Kiitaliano hapa Malindi, na sasa wanataka wamchukue Italia kwa viza ya utalii, kisha wamtafutie kibali cha kazi akiwa huko. Je, inafaa?

Jibu: Waalaikum salaam. Asikubali. Viza hiyo humruhusu kukaa siku 90 tu katika kila siku 180, wala si ya kazi. Mwajiri ndiye anayepaswa kuomba idhini kwanza huko Italia, ndani ya idadi ya wafanyakazi wa kigeni inayowekwa na serikali, ndipo dadako aombe viza akiwa bado Kenya.

Jibu: Naongeza, ndugu yangu: pasipoti aishike mwenyewe. Mimi yangu ilizuiliwa na mwajiri Ghuba, nikashindwa kurudi kumzika mama.