Simu nimenunua kwa hela yangu, ruhusa ya kuweka programu niombe Marekani?

Wakuu, hili limenikera na sitalinyamazia. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android walizozithibitisha, kila programu lazima itoke kwa mtengenezaji aliyejisajili kwao na kujitambulisha. Siyo za Play Store tu, hata faili la APK (faili la kuwekea programu kwenye simu) ulilorushiwa na jirani. Wanaanza Septemba 2026 na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu kuanzia 2027 inasambaa duniani. Kigoma nayo imo.

Wenye Wi-Fi ya ofisini huenda msione ubaya wake. Hapa mwaloni Kibirizi kuna dogo ametengeneza programu ya hesabu za dagaa: nani kaleta, sado ngapi, nani kakopa na amebakiza shilingi ngapi. Haili bando. Mama akiitaka anarushiwa kwa Bluetooth pale pale kwenye chanja, mikono bado ina magamba, na inakaa hata kwenye simu iliyojaa picha za wajukuu. Haijawahi kupita duka lolote. Leo dogo huyu atoe kitambulisho na dola 25 ili akubaliwe na watu wasioijua hata Kibirizi? Wanasema kuna akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaojifunza, lakini idadi ya simu ina kikomo. Kikomo hicho mwalo mmoja tu unakimaliza!

Eti usalama. Matapeli wapo, nani asiyejua? Ila wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajawahi kuhitaji APK. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, nyingine watu walizipakua Play Store kwenyewe. Geti lilikuwepo na wezi wakapita.

Kinachoniuma zaidi ni F-Droid, duka la programu za Android lililo nje ya Google. Tangu 2010 wanatoa programu huria bure, hufungui akaunti, hufuatiliwi. Ramani ninayotumia bila intaneti nimeitoa huko. Wenyewe wamesema wazi kwamba utaratibu huu utawaua. Kelele zilipozidi, Novemba 2025 Google wakaahidi njia ya pembeni kwa "wazoefu" watakaokubali hatari. Mama wa dagaa atahesabiwa mzoefu na nani?

Ulaya hawakubembeleza. Sheria yao iliibana Apple, na tangu Machi 2024 mwenye iPhone kule anaweza kutumia duka jingine la programu. Huku kwetu TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) na Tume ya Ushindani sijawasikia hata kuuliza swali.

Watengenezaji wa programu mliopo Kigoma, Tabora na kwingineko, jitokezeni hapa tuandike barua ya pamoja kwa TCRA mwaka huu. Simu zikishafungwa hakuna atakayetusikiliza.