Mtoto kaambiwa aeleze mkoa wa kwao: niseme Tanga au Kigoma?

Mgosi_Ugenini
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma kikazi. Binti yangu wa darasa la tano kaja na daftari: Jumatatu kila mtoto asimame aeleze mkoa wa kwao. Nikamwambia andika Tanga. Mama yake, Mgogo wa hapahapa, akaangua kicheko: "Tanga ya wapi? Ninyi si Waha? Kwenu Kigoma."

Jina letu la Kiha kweli. Babu aliletwa na SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikisomba watu wa bara kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge. Akashushwa Muheza, akapewa panga na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Alikuwa akituonyesha kwa jani la mgomba jinsi kazi ilivyokwenda: unaanza na mwiba wa nchani, ukishauondoa ndipo unafunga tita, la sivyo utajichoma wewe au mwenzio anayepakia. Ule utomvu ulimla viganja hadi uzeeni, pilipili alikuwa anachukulia kijiko. Mkataba ulipokwisha wenzake wakapanda treni, yeye akaoa Mbondei. Baba kazaliwa kambini, mimi Ngamiani, barabara ya 14.

Kigoma nimefika kwenye msiba tu. Kila nikifungua mdomo naulizwa, "Wewe Mswahili, umefuata nini huku?"

Sasa niambieni, mtoto asimamie wapi? Na kama ni Tanga, aseme nini mbele ya darasa? Maana huku ukiitaja Tanga watu wazima wote wanajua jambo moja: mwanaume akienda harudi. Hilo mtoto hawezi kulisema kwa mwalimu.

Barabara_ya_Nane
Tanga, mgosi, hata usiulize! Kwa hesabu ya shemeji nusu ya mji ingehamishwa. Hapa kwetu Mmakonde, Mnyasa, Mbena, Muha, wote waliletwa na mkonge, na wajukuu wao leo wanabishania timu za Coastal na African Sports kama waliozaliwa nazo. Shaaban Robert mwenyewe, kazaliwa Vibambani 1909, ukoo wake wa Kiyao. Nani atamwambia huyo si wa Tanga?

Mtoto aanze na baiskeli. Asimulie bibi aliyevaa baibui, kikapu cha samaki mbele, mjukuu nyuma, anakata barabara ya 12 na kengele yake, taratibu, wala haulizi gari. Dodoma hawajaona hiyo. Halafu machungwa ya Muheza, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Kwisha.

Mtazamaji
Fahari gani jamani? Mkonge uliporomoka, viwanda vikafungwa, na Coastal mara ya mwisho kuchukua ubingwa ni 1988. Tumebaki na "waja leo waondoka leo".

Barabara_ya_Nane
@Mtazamaji hiyo 1988 wewe ulikuwa na timu gani? Tuachie mtoto afanye kazi ya shule.

Msambaa_wa_Mlalo
Ninyi wa pwani mkiulizwa Tanga mnaitika kama vile mkoa unaishia Raskazone. Huku Lushoto saa hizi nimevaa sweta, naota moto, nakula bada, ugali wa muhogo. Na sisi ni Tanga.

Mgosi, mpe mwanao habari za Mbegha. Alikuwa mwindaji kutoka Nguu, kwao walimfukuza kwa kuwa meno yake ya juu ndiyo yaliyotangulia kuota, wakasema ana mkosi. Akaingia milimani na mbwa wake, akawa anaua nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama anawagawia watu. Wasambaa wakampa Vuga atawale. Ufalme wote wa Wakilindi umetokana na huyo mgeni. Mama yake akiuliza tena kuhusu Kigoma, mjibu kwa hicho.

Na asisahau kutaja wilaya zote. Handeni na Kilindi huwa mnazisahau, Wazigua wakija hapa mtanyooshwa.

Buha_Asilia
Nimeona mtoto wetu anagawiwa kama machungwa, nimeshindwa kukaa kimya. Ukoo ni wa baba, na babu yake baba alitoka Buha. Mrudisheni. Tutampa migebuka na mawese, atasahau hiyo mikate yenu ya kumimina. Babu alienda kikazi, hatukuwapa moja kwa moja!

Lakini nawe mgosi, kuja kwenu hadi afe mtu? Mlete likizo aone Ziwa Tanganyika, halafu achague mwenyewe.

Mgosi_Ugenini
@Buha_Asilia hapo umenibana, sina jibu. Likizo ya Desemba tutakuja, andaeni dagaa.

Jumatatu anasimama na Tanga, nimeshaamua, na babu ataingia humo humo kama alivyoingia Muheza. Habari ya Mbegha nimemsimulia jana usiku, akaniuliza, "Baba, wamempa ufalme mtu anayekula nguruwe?" Nikamwambia hilo amuulize ustadhi wake.

Ombi la mwisho: aliyepo Ngamiani anipigie picha ya baiskeli pale sokoni asubuhi, nikaichapishe kubwa. Iwe na mama wa baibui, na umwombe ruhusa kwanza. Iwe imefika Jumapili mchana, wenye steshenari hapa wanafunga mapema.