Mlioko Asia, mpira na raga mnaangalia vipi? Saa za huku KL zinanishinda

Kijana_wa_Wete

Assalaam alaykum wapenzi wa mpira. Mie mtoto wa Wete, nipo Kuala Lumpur kwa masomo, na suala langu nawauliza wale mloishi Asia mkazoea, mpira mnaufuatilia vipi bila ya kuharibu masomo wala kazi? Kwetu mechi za Uingereza za Jumamosi zinaanza saa 11 au saa 12 jioni, unaangalia, unaswali, unakula, unalala. Huku mechi ile ile inaanza saa 4 au saa 5 usiku na hiyo bado ni nafuu, balaa ni Ligi ya Mabingwa, Ulaya wakiwa kwenye baridi mpira unaanza saa 10 alfajiri na saa 2 asubuhi mie natakiwa darasani.

La pili ndo linaniuma zaidi, timu za kwetu. Arsenal na Madrid kila kona ya dunia utawakuta, ila Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, utawaona wapi? Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwetu Pemba, Gombani, fainali tukacheza na Burkina Faso. Mdogo wangu alikuwa jukwaani, kanipigia simu ya video kaielekeza uwanjani, mara picha imeganda, mara sauti inakuja picha hakuna, lilipoingia bao la ushindi simu ikamponyoka nikawa naona ndara za watu tu zinaruka ruka na kelele hizo mpaka spika inakwaruza. Tumeshinda 2-1 kwetu Pemba na mie niko peke yangu chumbani huku, nililia wallahi.

La tatu, hapa hosteli nakaa na Wakenya wawili wamenitia kwenye raga. Mwanzo nilikuwa nawasindikiza tu ila sasa naitafuta mwenyewe. Je kwa huku Asia inafatilika au ndo nitakuwa na mapenzi ya kwenye simu tu?

Mpemba_Gombak

Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie nilisoma Gombak, hapa nje kidogo ya KL, nikabaki kufanya kazi, sasa ni mwenyeji. Kwanza kabisa toka chumbani. Tafuta mamak ilo karibu na wewe, yale mahoteli ya Waislamu wa Kihindi yanayofanya kazi usiku kucha, siku za mechi wanashusha pazia jeupe wanawasha projekta, unaagiza teh tarik yako, chai yao ya maziwa, na roti canai, zile ni chapati za kusukuma kabisa, unakaa mpaka filimbi ya mwisho hakuna anaekufukuza. Mwenye Ligi ya Uingereza hapa ni Astro na king'amuzi chake kwa mwanafunzi ni mzigo, wenye mamak washalipia, wewe lipia chai.

Sasa hiyo ya saa 10 alfajiri watu wengi wanaiogopa bure, mie ndo naipenda. Usikeshe kuisubiri. Swali isha, lala, weka kengele saa 9 na nusu, amka uangalie, mpira ukiisha ni karibu na adhana ya alfajiri unaswali jamaa na siku yako ishaanza. Mbaya ni Ulaya wakishasogeza saa mbele mwisho wa Machi, hapo mechi zinaanza saa 9 usiku, inaisha alfajiri bado haijaingia, unajilaza kidogo tu na swala imekupita na darasa limekupita. Kwa hiyo robo fainali na nusu fainali mie naangalia marudio baada ya kazi. Simu nazima data kabla ya kulala na magrupu yote ya WhatsApp siyafungui mpaka jioni, maana kuna watu kule Chake hawawezi kukaa na matokeo hata dakika moja.

Dada_wa_Seeb

Mie nipo Oman, na Oman pia Asia msitusahau. Sisi tumebarikiwa, tumeizidi Zanzibar saa moja tu, Ligi ya Mabingwa inaanza saa 5 au saa 6 usiku, mtu unavumilia. Chaneli za beIN zinaonesha karibu kila kitu, Ligi ya Uingereza, Mabingwa Ulaya, na muhimu kwangu mie AFCON, kwa hiyo Taifa Stars ikicheza huku tunaiona vizuri tena sebuleni kwetu. Ile ya Ivory Coast mwanzo wa 2024 tuliangalia mechi zote tatu, Morocco wakatufunga 3-0, Zambia tukatoka 1-1 na Congo 0-0, watangazaji wanasema Kiarabu, bibi yangu wa Seeb anajibizana nao kwa Kiswahili.

Na mdogo wangu wa Wete nakuelewa kuhusu Heroes. Ile si timu inayoonekana kwenye michezo ya FIFA, CAF, shirikisho la mpira Afrika, walitupa uanachama kamili Machi 2017 na Julai mwaka ule ule wakauondoa, kwa hiyo tunabaki na CECAFA, ile ya Afrika Mashariki na Kati, na Mapinduzi, na makampuni makubwa ya televisheni huko Asia hawana habari nayo. Ukitaka Heroes na ligi ya nyumbani usihangaike na chaneli za huku, fatilia Azam na ZBC, hao ndo wanaobeba mechi za kwetu, angalia mapema mechi gani inarushwa mtandaoni na inafunguka nchi ulipo, usisubiri mpaka timu ziko uwanjani ndo unaanza kutafuta linki. Linki za wizi zinakata wakati wa penalti kila siku.

Mei 2025 mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba na Berkane, ilipohamishiwa Amaan, hapa nyumba nzima tulitoroka kazini. Simba hakulipata kombe, ilitoka 1-1 na kule Morocco walishafungwa 2-0, lakini kuiona Amaan yetu kwenye fainali ya Afrika nikiwa huku mbali, hata waso Simba walikuwa wamesimama.

Mzee_wa_Kahawa

Nakusomeni vijana wangu. Mie sijaishi huko lakini nakumbuka mwaka 2002 Kombe la Dunia lilipokuwa Korea na Japani, mambo yalikuwa kinyume chake, nyie mnaokesha huko sasa mjue sisi tuliangalia mchana kweupe. Senegal na Ufaransa mechi ya ufunguzi ilikuwa saa 8 na nusu mchana hapa Unguja, ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali hawakurudi makazini, Papa Bouba Diop anafunga na mji mzima unalia kwa furaha, bingwa wa dunia kafungwa 1-0 na Waafrika. Kwa hiyo saa si adui, inategemea kombe liko wapi.

Ila hebu nielezeni huo mchezo wa raga, mie naona watu wanaangushana tu.

Yokohama_Kwetu

Shikamoo mzee wangu, na kijana wa Wete nimefurahi sana kuona hili suala la raga maana Wazanzibari wengi tunaipita.

Mzee, kwa ufupi, mpira unaubeba mkononi na kumpa mwenzako unampa wa pembeni au wa nyuma, kurusha mbele kwa mkono ni kosa. Ukiufikisha nyuma ya mstari wa wapinzani ukaugusisha chini unapata pointi 5, halafu unapiga mguu kupitisha katikati ya milingoti ile mirefu unaongeza 2, na penalti ni 3. Raga kubwa watu 15 kwa dakika 80. Ile ya wachezaji 7 ni dakika 7 kila kipindi, kwa hiyo siku moja unaona timu chungu nzima. Kuangushana kuna sheria zake, ukimkamata mtu shingoni au kichwani ni kosa, unaweza hata kutolewa.

Sasa kijana, unauliza kama Asia raga inafatilika, mie nakwambia huku Asia raga ndo rahisi kuliko mpira wa miguu! Mpira wa Ulaya unakufuata usiku kwenye kioo, raga inakuja mpaka ulipo, tena mchana. Mie nilikuwa hapa 2019 Kombe la Dunia la raga lilipokuja Japani, mara ya kwanza kuchezwa Asia. Nlikuwa sijui kitu. Japani wakamfunga Ireland 19-12 na baadae Scotland 28-21 hapa hapa Yokohama, siku moja tu baada ya kimbunga Hagibis, usiku ule tulilala na mabegi tayari tukingoja kuhamishwa, asubuhi watu wanakagua uwanja na jioni mechi ikachezwa, mnyamazo kwanza kwa walofariki halafu kelele ambazo sijapata kuzisikia tena. Na fainali South Africa 32 England 12, Siya Kolisi kanyanyua kombe, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springbok, timu yao ya taifa, kwenye mechi kubwa za kimataifa, mie nimesimama nje ya uwanja na jezi ya kijani ya kuazima na Wajapani wananipa mkono kama vile nimecheza mie. Mzee, hiyo fainali huko Unguja ilianza saa 6 mchana, ungeiona na kahawa yako.

Sasa hivi ligi ya hapa, League One, inachezwa kuanzia Disemba mpaka mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni na mechi nyingi ni mchana wa wikiendi. Na wanaocheza si watu wa mchezo, Cheslin Kolbe wa South Africa kacheza timu ya Sungoliath, Richie Mo'unga wa New Zealand kawapa timu ya Brave Lupus ubingwa 2024 na 2025. Ulikuwa unakaa karibu na uwanja unamsikia Kolbe anavyoita mpira.

Wewe wa KL uko pazuri zaidi. Singapore iko chini yako hapo, saa tano sita kwa basi, na kule kuna mashindano ya wachezaji 7. Waulize hao Wakenya wako habari ya Aprili 2016, Kenya walichukua kombe pale pale Singapore, fainali wakawapiga Fiji 30-7, na hao Fiji ndo walokuja kuchukua dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka ule ule. Jukwaa la Wakenya Kiswahili kinaimbwa mwanzo mwisho, ukiwa mpweke huko nenda kakae nao. Hong Kong nayo wanacheza tangu 1976 na sasa wamehamia uwanja mpya wa Kai Tak. Ila timu zinapanda na kushuka daraja, angalia kwanza kama Kenya yumo kabla hujakata tiketi.

Kijana_wa_Wete

Kaka Yokohama, hao Wakenya nimewasomea hapa wanapiga meza. Ile video ya 2016 wananionesha kila wiki, nlikuwa sijajua ni hapo jirani tu. Dada wa Seeb ahsante, Azam nitaliweka sawa kabla ya Mapinduzi ijayo. Mpemba Gombak, nitakutafuta tukae mamak. Sasa na Kombe la Dunia la raga la 2027 huko Australia saa zake zikoje kwa sisi wa huku?

Yokohama_Kwetu

Hapo ndo utafurahi. Linaanza tarehe 1 Oktoba 2027 Perth, na Perth na KL saa ni moja, hakuna hesabu yoyote. Fainali ni Sydney tarehe 13 Novemba, Sydney wakati huo wamewazidi saa 3, kwa hiyo mechi ya kule saa 2 usiku wewe unaangalia saa 11 jioni umeshatoka darasani, na mzee wetu Unguja ni saa 6 mchana. Timu zitakuwa 24 badala ya 20, Hong Kong wamefuzu kwa mara ya kwanza, na kwa Afrika mbali na South Africa yumo Zimbabwe, wamerudi kwa mara ya kwanza tokea 1991, waliwafunga Namibia 30-28 Kampala Julai 2025.

Mpemba_Gombak

Kijana, Jumamosi baada ya isha nipo mamak ya karibu na kituo cha treni Gombak, njoo na hao Wakenya. Wakikubali kubadilisha chaneli, tutaomba raga.