Kushiriki maandamano ya mazingira ya wanaanarkia ukiwa na kibali cha ukaazi

Kutoka: mwanachama mwanafunzi, Ujerumani

Ndugu wanachama, salaam.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Wanafunzi wenzangu wamenialika nijiunge na kikundi kinachopinga uchimbaji wa makaa ya mawe. Wanajitambulisha waziwazi kuwa ni wanaanarkia: hawana mwenyekiti, hawana kadi za uanachama, wala hawajasajili chama popote. Nilihudhuria mkutano wao mmoja nikavutiwa na jinsi kila aliyekuwapo alivyopewa nafasi ya kusema, lakini mazungumzo yalipofikia suala la kuingia ndani ya mgodi na kuketi mbele ya mitambo, nilinyamaza. Kibali changu cha masomo kinakaribia kuisha na nitaomba kiongezwe muda. Je, kukamatwa tu, hata bila ya kuhukumiwa, kunaweza kuniharibia? Pia ningependa kujua watu hawa wanaamini nini hasa, kwani wapo wanaoniambia kwamba ni wahuni wa kuvunja vioo, na niliyoyaona mkutanoni hayafanani na hayo.

Natanguliza shukrani.

---

Kutoka: mwanachama wa siku nyingi, Ujerumani

Ndugu yangu mpendwa,

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia upande wa msaada wa kisheria katika kambi za watetezi wa mazingira, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu. Mimi si wakili. Lolote linalogusa kibali chako lipeleke kwanza kwa wakili wa masuala ya ukaazi.

Nianze na imani yao, kwa kuwa ndiyo inayoeleza namna wanavyojipanga. Anarkia, yaani siasa inayokataa dola na utawala wa mtu juu ya mtu mwingine, ina uhusiano wa zamani na mazingira. Peter Kropotkin wa Urusi na Élisée Reclus wa Ufaransa, ambao ni miongoni mwa wanafikra wakubwa wa siasa hizo katika karne ya 19, walikuwa wanajiografia kwa taaluma, na Kropotkin, baada ya kuwachunguza wanyama wa Siberia, alishikilia kwamba kusaidiana kunachangia uhai wa viumbe kama vile kushindana kunavyochangia. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Murray Bookchin alijenga hoja ambayo utaisikia mikutanoni hadi leo: kwamba binadamu aliingiwa na wazo la kuitawala ardhi baada ya kuzoea kumtawala binadamu mwenzake, na kwa hiyo tatizo la ardhi haliponi utawala wa mtu juu ya mtu ukiachwa uendelee. Naye Sam Mbah wa Nigeria aliandika katika miaka ya 1990 kwamba jamii nyingi za Kiafrika ziliendesha mambo yao bila ya dola, na kwamba mawazo haya hayakuhitaji kuletwa na mgeni. Ndiyo maana kikundi chako hakitosheki na kudai mgodi ufungwe. Kinahoji pia ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua uchimbwe, na kwa nini wenyeji wa vijiji vilivyobomolewa kupisha mgodi hawakuwa na kauli ya mwisho juu ya nyumba zao.

Mfano wa karibu zaidi ni msitu wa Hambach, ulioko kati ya Köln na Aachen. Ulikuwa na takriban hekta 4,100 kabla ya mgodi kufunguliwa mwaka 1978, na kufikia 2018 zilikuwa zimebaki hekta 200 hivi. Kuanzia mwaka 2012 watu walijenga vibanda juu ya miti, wakaunganisha miti kwa kamba na kuishi humo kiangazi na masika, bila ya kiongozi, wakiamua mambo kwa vikao vya wote. Septemba 2018 maelfu ya polisi walitumwa kuwaondoa, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa usalama dhidi ya moto. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa, kwa kuwa kumshusha mtu aliyejifunga juu kabisa ya mti bila ya kumuumiza kunahitaji wataalamu, mashine za kunyanyulia na subira. Tarehe 5 Oktoba 2018 mahakama ya juu ya utawala ya Münster ilisimamisha ukataji wa miti, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la BUND, ambalo ni shirika la kawaida la mazingira lililosajiliwa na lisilo na uhusiano wowote na anarkia. Tangu hapo watu hubishana kama msitu uliokolewa na mawakili au na waliokaa mitini. Binafsi nasema pasipo wale wa mitini hukumu ingekuta visiki, na pasipo hukumu msitu ungekatwa baada ya wao kushushwa. Niseme pia, kwa kuwa mara nyingi wasimuliaji hulipita haraka, kwamba wakati wa operesheni hiyo mwandishi wa habari kijana alianguka kutoka kwenye daraja la kamba akafariki dunia.

Sasa namna wanavyojipanga, ambayo kwako ni muhimu kuliko nadharia yote niliyoitaja. Msingi wao ni kikundi kidogo cha watu wanaoaminiana, aghalabu kati ya watano na kumi na watano, utaratibu walioupokea kutoka kwa wanaanarkia wa Hispania. Kila kikundi humtuma mjumbe mmoja kwenye baraza la wasemaji, na mjumbe huyo hupeleka yale waliyokubaliana wenzake na kurudi na yale aliyoyasikia, lakini hana ruhusa ya kuwaamulia. Utaratibu huu ulijulikana sana Marekani mwezi Mei 1977, watu 1,414 walipokamatwa katika eneo la ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Seabrook, New Hampshire, walichokuwa wakikipinga. Wengi wao walishikiliwa karibu wiki mbili katika majengo ya Walinzi wa Taifa, na wakiwa humo waliendelea kufanya vikao kwa vikundi vyao, wakaamua kwa pamoja jinsi ya kushughulikia dhamana. Si kwamba walishinda moja kwa moja: mtambo mmoja kati ya miwili iliyopangwa ulikamilika na kuanza kazi mwaka 1990. Lakini harakati nyingi zilizofuata zilijifunza kutoka kwao, na wale wanafunzi wenzako ni warithi wao, wajue wasijue.

Ndani ya kikundi cha namna hii, kabla ya kwenda popote, kila mtu husema mbele ya wenzake ataishia wapi. Mmoja yuko tayari kubebwa na polisi, mwingine ataondoka amri ya kutawanyika ikitolewa, na wa tatu hatasogea karibu na uzio kabisa. Hakuna anayehesabiwa kuwa mwoga. Nimewahi kukaa zamu ya usiku kwenye simu ya msaada wa kisheria, ile ambayo waandamanaji huandika namba yake mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa maji, na ninakuhakikishia kwamba anayepokea simu hiyo na kuandika jina la kituo, saa na hali ya aliyekamatwa ana kazi nzito kama ya yule aliyeketi mbele ya mtambo. Hali kadhalika wanaopika, wanaotafsiri, na wanaosubiri nje ya kituo cha polisi hadi alfajiri ili anayeachiwa asitoke peke yake gizani. Unaweza kuwa mwanaharakati kamili bila ya kuukanyaga mgodi.

Kuhusu sheria ya hapa, maandamano halali ni haki yako. Katiba inapozungumzia haki ya kukusanyika inawataja Wajerumani, lakini sheria za mikutano zinampa haki hiyo kila mtu, na kifungu cha 47 cha Sheria ya Ukaazi kinamruhusu mgeni kushiriki siasa ndani ya mipaka ya sheria za kawaida. Kuingia mgodini ni jambo lingine. Hilo linaweza kuhesabiwa kuwa ni kuingia eneo la mtu bila ya ruhusa, kosa ambalo adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na ambalo hushtakiwa pale tu mwenye eneo anapolalamika. Wajerumani wengi wakikamatwa kwa kosa hili huishia na faini au kesi hufutwa. Kwako wewe tatizo halisi haliko kwenye faini. Vyombo vinavyoendesha mashtaka ya jinai vinawajibika kuiarifu idara ya wageni kwamba kesi imefunguliwa dhidi ya mgeni, na kifungu cha 79 cha Sheria ya Ukaazi kinaitaka idara, kwa kawaida, iahirishe uamuzi juu ya ombi la kibali hadi kesi imalizike. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo: hata bila ya hukumu unaweza kujikuta unasubiri miezi kwa karatasi ya muda, huku mwajiri na mwenye nyumba wakikuuliza maswali.

Kuna mbinu moja utakayoisikia, ya waandamanaji wote kukataa kutaja majina yao, tena wengine hupaka gundi kwenye ncha za vidole. Usiifuate. Katika jimbo la North Rhine-Westphalia, ulipo msitu wa Hambach, sheria ya polisi ya mwaka 2018 inaruhusu mtu kushikiliwa hadi siku saba ili atambuliwe, na wewe alama zako za vidole zilichukuliwa ulipoomba viza. Ukisimamishwa, toa jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, anwani na uraia, kisha nyamaza kuhusu mengine yote hadi uonane na wakili.

---

Kutoka: mwanachama mzee, Uingereza

Vijana wangu,

Nimesoma kwa makini. Sipingi kutunza mazingira, lakini mimi naona mnampeleka kijana mahali ambapo wenyeji wana kwao pa kurudi na yeye hana. Huku Uingereza sheria ya mwaka 2022 iliweka adhabu ya hadi miaka kumi kwa kosa la kusababisha kero kwa umma, na sheria ya mwaka 2023 ikafanya hata kujifunga kwenye kitu barabarani kuwa kosa la jinai. Marcus Decker, raia wa Ujerumani, alipanda daraja la Queen Elizabeth II pale Dartford Oktoba 2022 kupinga uchimbaji wa mafuta, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka miwili na miezi saba. Kwa kuwa mgeni anayefungwa miezi 12 au zaidi huingia moja kwa moja katika utaratibu wa kufukuzwa nchini, alipewa notisi ya kuondolewa. Kama Mzungu wa Ulaya alitendewa hivyo, sisi tutatendewaje? Na kundi lisilo na kiongozi, mambo yakiharibika, mtamwuliza nani?

---

Kutoka: mwanachama wa siku nyingi, Ujerumani

Mzee wetu, shikamoo.

Mfano wa Decker umekuja mahali pake, na ninamwomba ndugu yetu ausome mara mbili. Hata hivyo kundi la Just Stop Oil la huko Uingereza, lililopinga uchimbaji wa mafuta na ambalo Decker alikuwa akilifuata, halikuwa la wanaanarkia. Lilikuwa na wapangaji wa mikakati waliohitaji watu wengi wakubali kukamatwa ili nchi ishtuke, na Julai 2024 watano kati ya wapangaji hao nao walihukumiwa, mmoja miaka mitano na wengine minne kila mmoja, ingawa baadaye rufaa ilipunguza vifungo hivyo. Mkakati huo wa kukamatwa ulikuwa umeshakosolewa mwaka 2019, pale wahamiaji na watu weusi walipolieleza kundi jingine la mazingira, Extinction Rebellion, kwamba kumsifu anayefungwa ni kumsahau yule ambaye kwake seli ya polisi ni hatari ya maisha au tiketi ya kurudishwa. Ukosoaji huohuo husikika kwa wanaanarkia wengi: kwamba hakuna kamati inayostahili kuupanga mwili wa mtu mwingine katika hesabu zake.

Swali lako la nani aulizwe ni zito, na sitalikwepa. Nimeona vikundi visivyo na mwenyekiti vikiongozwa na watu wawili watatu ambao hawakuchaguliwa na kwa hiyo hawawezi kuondolewa. Vikao vya maafikiano hudumu saa nne au tano, na anayefanya kazi ya zamu ya usiku huondoka kabla ya uamuzi kufikiwa, kisha asubuhi husikia kwamba wote walikubaliana. Lugha nayo ni kizuizi: wenyeji huonyesha ukubali kwa kutikisa vidole hewani na mambo huenda mbio, na mgeni anayetafsiri kichwani huchelewa kuinua mkono. Vikundi vizuri hujua hili, hivyo huandika maamuzi, huzungusha zamu ya kuendesha kikao na huuliza waliokosekana kabla ya kutenda. Vikundi vibaya hukasirika ukiviuliza.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, katika mkutano ujao uliza mambo haya kwa sauti: nani anashika simu ya kisheria siku hiyo, kama kuna mfuko wa kulipia mawakili na faini, kama wakili wao anaijua sheria ya ukaazi au ya jinai pekee, na watafanya nini kwa wasio na uraia polisi wakiwazingira wote pamoja, kwa kuwa mzingiro haubagui aliyekuja kuandika habari, aliyekuja kupika na aliyekuja kuketi mgodini. Omba uwekwe kwenye kazi iliyo mbali na uzio mpaka kibali chako kipya kiwe mkononi. Wakikujibu kwamba mashaka yako ni ukosefu wa msimamo, tafuta kikundi kingine. Viko vingi, na baadhi vina wahamiaji wenzetu ndani yake. Nitakuandikia kando majina ya ofisi mbili za ushauri wa ukaazi zinazopokea wanafunzi bila malipo, uende kabla hujapeleka ombi la kuongeza muda.