Kura za maoni za ubunge: tupeane uzoefu, yale uliyoyaona kwa macho yako

Kisima cha Kata
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilikuwa msibani, mtu akaninong'oneza kuhusu mzee aliyekaa pembeni ya turubai: "Yule ndiye aliuza mashamba akawapa wajumbe", yaani wana-CCM wanaopiga kura ya kumpata mgombea. Amelisema hivi hivi, kama anayesema yule ana ng'ombe wengi. Nimerudi nyumbani sijalala vizuri.

Nchi nzima tunapiga kelele za uchaguzi mkuu wa Oktoba, lakini kwenye majimbo mengi mbunge wa CCM anapatikana Julai au Agosti, kwenye kura za maoni, chama kinapochagua mgombea wake. Oktoba tunakwenda kuthibitisha. 2020 wana-CCM waliochukua fomu za ubunge, na za uwakilishi kule Zanzibar, walizidi 10,000 nchi nzima, na jimbo la Kawe, Dar es Salaam, peke yake walipita mia moja kwa kiti kimoja. Watu hao wote walikuwa na wake, waume, madeni na wapambe, na hadithi zao hazisimuliwi. Basi tupeane uzoefu. Uliyekuwa mtia nia (mwomba kuteuliwa), mpambe, mjumbe, dereva, mke wa mtia nia, karibu. Majina ya watu na majimbo yenu yaacheni, tupeni mambo yenyewe.

Mjumbe wa Tawi
Hii mada nimeisubiri tangu mlipoanza kuimba "wajumbe si watu wazuri". Ngoja na mjumbe aseme.

Mtia nia miaka mitano hajakanyaga kikao cha tawi. Anakuja saa nne usiku na mkewe, amevaa kandambili. Anakuita mama, anamuulizia mtoto wako kwa jina, kumbe kaambiwa na mpambe pale pale mlangoni. Akitoka, anaingia mwingine. Ukimwambia ukweli kwamba una mtu wako, unakuwa adui mpaka kaburini. Ukimwambia "nitakuombea", anahesabu kura. Kwetu walikuwa zaidi ya thelathini na mimi kura yangu ni moja. Aliyepata sifuri alitaka nimgawie ipi?

Kinara77
Hiyo "nitakuombea" naijua. Umesema kweli tupu mama.

Hazikutosha
Mjumbe wa Tawi, tuambie na nauli ulipokea za wangapi. Mimi nilikopa benki kwa dhamana ya nyumba. Ukumbini wajumbe walionikumbatia asubuhi walimshangilia mtu mwingine jioni, huku wamevaa vitenge nilivyonunua mimi. Nilisimama pale kura zinahesabiwa hadharani, jina langu likatajwa na namba moja nyuma yake, na hiyo moja najua ni yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa amekaa safu ya mbele.

Mjumbe wa Tawi
Kaka pole, kwa dhati. Lakini vitenge hukuombwa. Ulivinunua ukijua ni kwa ajili gani, na aliyekushinda alinunua zaidi. Mimi nauli ya mtu sijapokea, na tawini kwetu wanajua.

Hazikutosha
Wote mnasema hivyo.

Mzee wa Mjini
Tusigombane wanangu. Vijana hamkumbuki takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea "kukirimu" wapiga kura kwa nia njema, na kuanzia hapo pilau ikawa halali na bahasha ikapita chini ya sahani. Mahakama Kuu ikaja kuifuta takrima 2006, kwamba inawabagua wasio na kitu. 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, nayo inagusa hata uteuzi ndani ya vyama, siyo kampeni za Oktoba tu. Kwa hiyo kitenge cha kura za maoni ni kosa kama kitenge cha uchaguzi mkuu. Watu hawajui, au wanajua wananyamaza.

Dereva wa Noah
Mzee umenikumbusha jambo ambalo sijamwambia mtu zaidi ya mke wangu. Samahani litakuwa refu.

2020 niliendesha Noah kwenye kambi ya mtia nia mmoja, Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba wajumbe. Usiku wa kuamkia uchaguzi kila kambi inakusanya watu wake na kuwalaza gesti nje ya mji ili kambi nyingine isiwafikie. Yetu ilikuwa na geti la bati na kufuli, na mlinzi wa kambi, siyo wa gesti. Ndani pilau, soda, muziki. Ukiingia unaacha simu.

Kulikuwa na mama mmoja wa kata ya mbali, amemwacha mtoto kwa bibi yake na homa tangu asubuhi. Kufika saa sita usiku akaanza kuomba simu apige mara moja tu. Mratibu akamwambia simu zote ziko kwenye gari la mheshimiwa. Uongo. Zilikuwa kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza ya mapokezi, kila simu imefungwa kikaratasi cha jina kwa mpira. Nyingine hazikuzimwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti jirani na ile ndoo, inatetema, inanyamaza, inatetema tena. Nikaangalia. Ni ya yule mama, na kwenye kioo imeandikwa "Bibi Nyumbani".

Nikaichukua nikampelekea. Alisikiliza sekunde chache akakaa chini palepale kwenye korido. Mtoto ameshikwa degedege, amekimbizwa zahanati kwa bodaboda.

Nikawasha gari. Mratibu akasimama mbele ya geti. Akasema akitoka mmoja watatoka wote, na kura zetu zimehesabiwa, hakuna ya kupoteza. Nikamwambia huyu ni mzazi. Akaniambia nirudishe ufunguo. Tukaanza kusukumana. Kina mama wakasikia, wakatoka vyumbani na kanga zao, wamejaa uani. Mmoja mtu mzima, mjumbe wa miaka mingi, akamsogelea mlinzi akamwambia: "Mwanangu, fungua, au tupige yowe mji mzima ujue tumefungiwa humu." Mlinzi akafungua bila kumwangalia mratibu.

Barabara ya vumbi, usiku, mama yuko kiti cha mbele hasemi neno. Tulimkuta mtoto ameshachomwa sindano, amelala. Kulipokucha yule mama akaniambia nimpeleke ukumbini. Alipiga kura na nguo za jana.

Mtu wetu alishindwa kwa kura chache sana. Lawama zote zikaja kwangu, kwamba nimeuza kambi. Fedha yangu sikulipwa, hata mafuta niliyojaza.

Kinara77
Daah. Mungu akubariki kaka.

Simba wa Nyika
Chai hii. Watu wazima wafungiwe kama kuku wakubali? Na kama ni kweli mbona hukwenda TAKUKURU, kwa wanaozuia rushwa?

Dereva wa Noah
Amini usiamini ni juu yako. Dereva wa siku mbili anakwenda kumshitaki nani, na shahidi ni nani? Wale kina mama? Nao wanaishi kijiji kimoja na wapambe.

Mjumbe wa Tawi
Simba wa Nyika, usimwite muongo mtu usiyemjua. Kwetu simu zilikusanywa kwenye mfuko wa sandarusi. Anayekubali kulala huko mara nyingi ameahidiwa kikao cha maelekezo na posho. Ukishaingia ndiyo unaona kufuli.

Simba wa Nyika
Sawa, basi wajumbe nanyi mnaingia mkijua kuna posho. Hapo tusidanganyane.

Mjumbe wa Tawi
Wako wanaojua. Sikatai.

Mwana wa Kilifi
Habari ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Kenya kura hizo twaita mchujo, na wapiga kura ni wanachama kwa jumla. Msidhani ndio dawa. 2017 chama cha Jubilee kilifuta mchujo wake siku ya kwanza tu, karatasi hazikutosha na watu walikuwa wengi. Mimi nilikuwa wakala wa mwaniaji chama kingine. Tulipiga foleni toka asubuhi, karatasi zikaja jua likitua, tukahesabu kwa tochi za simu. Mtu wetu akaongoza kituo baada ya kituo. Siku ya tatu cheti cha uteuzi kikaenda kwa mtu mwingine huko Nairobi. Tukaenda mbele ya jopo la mizozo ya vyama, na ilipofika hukumu karatasi za uchaguzi mkuu wa Agosti zilikuwa karibu kuchapishwa. Sehemu ambazo chama kina nguvu mtu anapigania cheti kuliko anavyopigania kura yenyewe, maana akishakipata ashaingia Bunge.

Hazikutosha
Angalau ninyi mkikatwa mnasimama wenyewe. Huku huna pa kwenda.

Mwana wa Kilifi
Ni kweli, Katiba ya 2010 yaruhusu mgombea huru, mradi usiwe mwanachama wa chama katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kuna wabunge wameingia hivyo baada ya kudhulumiwa kwenye mchujo.

Mzee wa Mjini
Hapa kwetu marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania hilo la mgombea huru maisha yake. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema ni la Bunge kuamua, yeye akaenda Mahakama ya Afrika hapo Arusha, na 2013 ikamwambia ana haki. Mpaka leo ubunge Tanzania ni lazima udhaminiwe na chama. Ndiyo maana kura za maoni zinanuka vita. Mlango ni mmoja, na nyuma yake kuna mshahara, posho na kiinua mgongo.

Karani Mstaafu
Naomba tujadili na utaratibu, tusiishie tabia za watu. 2010 na 2015 CCM iliwapa kura wanachama wote. 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. 2025 ikapanua tena hadi viongozi wa chini kabisa. Tazameni tofauti. 2020 Kigamboni marehemu Dk. Faustine Ndugulile alimshinda Paul Makonda kura 190 kwa 122. 2025 Arusha Mjini huyo huyo Makonda amepita kwa kura zaidi ya 9,000. Watu 190 utawajua mmoja mmoja, utawalipia gesti na pilau. Watu 9,000 huwezi kuwalaza popote. Mimi nasimama na wingi wa wapiga kura, tena wanachama wote kama 2010.

Hazikutosha
Wingi unaongeza gharama tu. Mwenye fedha atanunua 9,000, na mwalimu mwenye akili ataachwa nje kabisa. Kwa wajumbe wachache angalau ningeweza kuongea na kila mmoja.

Karani Mstaafu
Uliongea nao ukapata moja.

Kisima cha Kata
Karani, taratibu. Mwenzetu amepoteza nyumba.

Karani Mstaafu
Samahani ndugu Hazikutosha. Nalirudisha.

Bi. Mlezi
Mnabishana idadi ya wapiga kura wakati swali ni nani anaruhusiwa kupigiwa. 2020 vikao vya juu vya chama vilikata majina baada ya kura: Kawe Askofu Gwajima alikuwa wa tatu na ndiye aliyeteuliwa. 2025 panga limekuja kabla: Luhaga Mpina wa Kisesa na Mrisho Gambo wa Arusha Mjini walikuwa wabunge waliokaa, majina yao hayakurudi, wajumbe hawakupewa hata nafasi ya kuwakataa. Kwa hiyo ukihesabu waliochukua fomu utasema ushindani ni mkali sana. Hesabu waliobaki kwenye karatasi ya kura, halafu uliza aliyewabakisha ni nani.

Simba wa Nyika
Bila vikao vya juu watapita wenye mabulungutu tu. Vikao vinapata taarifa za vyombo, vinajua nani amegawa nini. Wewe unataka mtoa rushwa apite kwa sababu ameongoza?

Bi. Mlezi
Nataka mtoa rushwa ashitakiwe, na ushahidi usomwe. Kumkata kimya kimya hakumfundishi mtu kitu, na asiyetoa rushwa akikatwa anabaki na doa asilolijua.

Binti wa Wilaya
Mbona viti maalum, vile vya ubunge wa wanawake, hakuna anayevitaja? Huko ndiko kwenye moto. Nafasi chache kwa mkoa mzima, wapiga kura ni wanawake wenzetu wa jumuiya ya chama, na ukishindwa hapo huna jimbo la kukimbilia. Niliambiwa na kiongozi mmoja mtu mzima, umri wa baba yangu, kwamba jina langu "litasindikizwa" nikienda kuonana naye hotelini. Sikwenda. Wilaya nilizozoea kupokelewa kwa vigelegele zikaanza kunipangia kikao siku isiyokuwa yenyewe: nafika ukumbi mtupu, mwenye ukumbi ananiambia wamama waliondoka jana. Fedha sikuwa nayo ya kugombana, lakini kilichoniuma ni wanawake waliojua sababu wakaniambia nijifunze siasa.

Mjumbe wa Tawi
Binti, pole mwanangu. Hilo liandike na tarehe zake na nakala ubaki nazo. Usilinyamazie.

Hazikutosha
Pole dada. Hapo hata mimi sina la kubisha.

Kinara77
Jamani mimi 2030 nafikiria kuchukua fomu. Mnanishauri nini? 2025 ada ya fomu ilikuwa 500,000 ya ubunge na 50,000 ya udiwani.

Mzee wa Mjini
Anza na udiwani. Miaka mitano ya vikao vya kata itakuonyesha nani ni nani.

Hazikutosha
Usikope. Kama huna akiba ya kupoteza, kaa na watoto wako.

Simba wa Nyika
Chukua fomu, jina likirudi tafuta watu wenye uzoefu na kambi. Bila kambi hufiki popote.

Dereva wa Noah
Ukiweka kambi, simu waachie watu wao.

Mjumbe wa Tawi
Wewe anza kwa kuhudhuria kikao cha tawi mwezi huu. Kaa nyuma, lipa ada, sikiliza. Usiku nyumbani kwangu usije.