Miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha: rufaa inaanzia wapi?

Mwandiga_Mjini
Wakuu, ndugu yetu kafungwa miaka 30 na Mahakama ya Wilaya hapa Kigoma, yuko gereza la Bangwe. Wiki ya tatu sasa. Wakili hakuwa naye. Wapo wanaoshauri tuandike barua apunguziwe kwa kuwa ana watoto wadogo. Tufanyeje?

Kandambili
Poleni. Hiyo barua iacheni. Miaka 30 ndiyo adhabu ya chini kabisa ya kosa hilo, hakimu hana pa kushukia. Shambulieni hatia yenyewe.

Muulizeni kwanza kama alisaini notisi ya nia ya kukata rufaa. Mwisho ni siku 10 tangu hukumu, na gereza huwa linawaandikia wafungwa. Kama ipo, ombeni kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani), mbaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Hati ya rufaa, yenye hoja zenu na inayokwenda Mahakama Kuu, ina siku 45 tangu hukumu, ila siku za kusubiri nakala hazihesabiwi, na muhuri huo ndio ushahidi wenu. Hati yenyewe anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza.

Notisi haipo? Ombeni Mahakama Kuu iongeze muda, kwa kiapo kinachoeleza kila siku iliyopotea. "Hatukujua sheria" haisaidii.

Mzee wa Isevya
Mkipata mwenendo, anzeni na utambuzi, yaani shahidi alijuaje kuwa ni yeye. Kama ni usiku, ile kesi ya Waziri Amani ya 1980 inadai shahidi aeleze chanzo na ukali wa mwanga, umbali, muda aliomtazama, na kama alimjua kabla. "Taa ilikuwa inawaka" peke yake ni maneno matupu. Tazameni pia kama shahidi alimtaja ndugu yenu kwa polisi mara ya kwanza kabisa alipopata nafasi.

Ndugu yenu alikutwa na mali iliyoibwa? Mlalamikaji aliitambua kwa alama gani? Simu nyeusi ziko nyingi hata huku kwetu Tabora. Na hati ya ukamataji mali au maelezo ya onyo (aliyoandikwa mtuhumiwa polisi) yasiposomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, huondolewa kwenye ushahidi.

Mwandiga_Mjini
Tukisahau hoja, si tutaiongeza Mahakama ya Rufani?

Kandambili
Hapana. Hoja ya ushahidi ambayo haikuletwa Mahakama Kuu, kule juu hawaigusi. Husikiliza mpya ikiwa ni ya kisheria tu. Na msitangulize kasoro za utaratibu: zikikubaliwa, kesi inaweza kurudishwa ianze upya, naye akiwa bado mahabusu. Utambuzi dhaifu ndio unaoweza kumtoa.