Mjadala: Je, vitabu vya MTUHA viondolewe zahanati na kumbukumbu zote zibaki kwenye mfumo wa kielektroniki?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naomba tujadili iwapo umefika wakati wa kuondoa vitabu vya MTUHA katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara, ili kumbukumbu zote za wagonjwa ziandikwe kwenye mifumo ya kielektroniki pekee. Kwa asiyevifahamu, hivi ni vitabu vikubwa vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vilivyoanza kutumika miaka ya 1990: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wodi ya wazazi, na vinginevyo. Kila mwisho wa mwezi mtoa huduma huhesabu mistari ya vitabu hivyo, hujaza fomu za majumuisho, na tarakimu zake huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kufika Tanzania nzima mwaka 2013.

Tatizo ninalolileta ni kwamba mifumo imeongezeka na vitabu havijapungua. Katika kituo kimoja unaweza kukuta GoTHOMIS kwa usajili na malipo, TImR kwa chanjo, hifadhidata ya CTC2 kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na eLMIS kwa maombi ya dawa. Kisha pembeni yake vitabu vyote vya awali viko pale pale, na muuguzi yule yule anatakiwa kuvijaza. Mtoto mmoja aliyekuja kuchanjwa huandikwa kwenye kadi yake, kwenye kitabu, kwenye karatasi ya tali (ya kuhesabia kwa vijistari), na kwenye kishikwambi. TImR, yaani daftari la chanjo la kielektroniki, lilipoanzia Arusha, Tanga na Kilimanjaro, lilitengenezwa kwa kuwashirikisha watoa huduma wenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Hata hivyo vituo vingi viliendelea kuandika mara mbili, kwa sababu ushirikishwaji huo haukufika kwenye swali la nani ana mamlaka ya kusema kitabu sasa kifungwe.

Msimamo wangu ni huu: vitabu viondoke, na njia ya kuviondoa iwe sharti moja, kwamba mfumo wowote mpya usiingie kituoni mpaka utaje kitabu au fomu unayoiondoa na tarehe ya kuiondoa. Tumezoea kuambiwa kwamba usanifu wa kidijitali unamweka mtumiaji katikati. Mimi nasema kipimo cha dai hilo ni mzigo uliotoka mikononi mwa mtumiaji, na mfumo usioondoa mzigo wowote umemweka mtu mwingine katikati, kwa kawaida yule anayesubiri ripoti.

Nina mfano wa nyumbani. Kati ya mwaka 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwenye vituo 129. Mara moja kwa wiki simu ya mtoa huduma, simu yake mwenyewe ya mkononi, ilipokea ujumbe wa kumtaka ahesabu dawa za malaria zilizopo, naye alijibu kwa tarakimu chache bila gharama, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyokosa dawa moja au zaidi za malaria vilishuka kutoka asilimia 78 hadi asilimia 26. Teknolojia ile ilikuwa duni kuliko hata simu za leo za bei ya chini kabisa, lakini aliyeibuni alikuwa amejiuliza mtoa huduma ana nini mkononi na ana dakika ngapi.

Naomba hoja, hasa kutoka kwa walioko vituoni.

Muuguzi mkunga, zahanati ya kijijini

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa kulileta jambo hili, ila sikubaliani nawe kuhusu vitabu vyote kuondoka, na nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza ni usiku. Mama anakuja kujifungua saa nane za usiku, umeme wa jua umekwisha nguvu kwa sababu mvua imenyesha siku mbili mfululizo, na niliye zamu ni mimi na mhudumu mmoja. Saa hiyo ninachohitaji ni patografu ya karatasi, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa mama, kalamu na tochi. Kishikwambi kikizima katikati ya uchungu wa mama, na taarifa za mapigo ya moyo wa mtoto zimo ndani yake, nitamwambia nini mganga wa hospitali ninakompeleka kwa rufaa?

Pili ni kitu ambacho watengenezaji wa mifumo hawakioni kwa kuwa hawajawahi kukitumia kitabu namba 6. Mjamzito mmoja anachukua mstari mmoja, na mahudhurio yake yote yanatambaa kulia katika mstari huo huo. Nikifungua ukurasa napitisha kidole kushuka chini, na kila palipo wazi najua kuna mama aliyekosa hudhurio, asiyepata kinga ya pepopunda, au asiyepimwa damu, na mara nyingi namjua nyumbani kwake. Mifumo niliyoitumia inanionyesha mama mmoja kwa wakati mmoja, tena hudhurio moja kwa wakati mmoja. Ili nipate picha ile ya ukurasa inanibidi nifungue mama mmoja mmoja, na foleni iko nje.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wakaguzi wanaotoka halmashauri wakija kwa usimamizi wanaanza na kitabu. Wanahesabu mistari ya kitabu, wanalinganisha na ripoti iliyotumwa, na tofauti ikionekana inaandikwa kama kosa la kituo. Hakuna aliyewahi kuja akahesabu kwanza kwenye skrini. Kwa hiyo hata kama mfumo wako ungekuwa mzuri namna gani, mimi nitaendelea kujaza kitabu kwa sababu kitabu ndicho kinachonitetea. Na ukweli mwingine ambao hausemwi ni kwamba mfumo unajazwa jioni, kwa kunakili kutoka kitabuni, baada ya wagonjwa kuondoka. Ule ushauri ambao mfumo ulibuniwa kunipa wakati mama amekaa mbele yangu, mathalani kunikumbusha dalili za hatari kwa mjamzito, unanifikia mama akiwa ameshafika nyumbani kwake.

Niongeze dogo: ninapoinamia simu, baadhi ya akina mama wanadhani ninachati.

Mtaalamu wa mifumo

Dada muuguzi, hoja yako ya tatu inapaswa kusomwa na kila anayelipwa kwa kazi hii, nami nikiwamo. Hata hivyo nina mashaka kidogo na ya pili, na nitayasema kwa heshima.

Nimeshiriki vikao vya kukusanya maoni ya watumiaji. Vingi hufanyika katika ukumbi wa mjini, ambako wauguzi hualikwa siku mbili, huonyeshwa skrini zilizokwisha kuchorwa, na huulizwa iwapo zinaeleweka, hilo silitetei. Lakini hata pale tulipokwenda vituoni na kuuliza bila haraka, tuliombwa kitu kimoja, nacho ni kitabu kile kile kiwekwe kwenye skrini. Tulifanya hivyo, na kila safu ya kitabu ikawa sehemu ya kujaza. Matokeo yakawa mabaya kuliko karatasi, kwa kuwa jicho linaruka safu zisizohitajika katika karatasi, ilhali skrini inakataa kusonga mbele mpaka ujaze. Kumsikiliza mtumiaji ni lazima, ila anachokiomba na anachokihitaji vinaweza kuachana, na hilo hulijui mpaka umtazame akifanya kazi. Picha yako ya kidole kinachoshuka ukurasani imenifundisha zaidi ya dodoso lolote: unachohitaji ni orodha ya waliokosa mahudhurio, na hiyo mashine inaweza kuitoa kila asubuhi kabla hujaita mgonjwa wa kwanza.

Kwa mleta mada, sharti lako ni zuri kwa maneno lakini litakwama kwenye utekelezaji. Kitabu kimoja hutumikia programu kadhaa za wizara na wafadhili wake. Ukiondoa namba 6, watu wa malaria, wa VVU, wa lishe na wa afya ya uzazi wote watasimama kudai safu zao. Uganda walijaribu dawa kali zaidi: mwaka 2012 wizara ya afya ilisimamisha miradi yote ya majaribio ya afya ya kielektroniki mpaka kila mmoja upitiwe na kuidhinishwa. Walikuwa wamechoka na miradi iliyokuwa ikizaliwa bila kujuana. Amri kama ile inazuia mapya, lakini haifuti yaliyopo.

Msomaji wa Unguja

Assalamu alaykum jamani. Nataka kutia neno moja kuhusu huku kwetu. Mpango wa Jamii ni Afya umefika wilaya zote 11 za Zanzibar, na wahudumu wa kujitolea wa jamii zaidi ya 2,000 wanautumia kwa simu, kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba. Programu ile inamwongoza mhudumu katika mazungumzo: muulize mama hivi, akijibu vile mweleze haya, ukiona dalili hii mpeleke kituoni. Takwimu zinapatikana kama zao la mazungumzo yenyewe, wala hakuna anayekaa jioni kuzinakili.

Lakini tusidanganyane, mhudumu anayekaa barazani na mama mmoja hana foleni nyuma yake. Mfumo uliofaa huko haumfai muuguzi wa kliniki kwa kuhamishwa tu.

Msomaji wa Nairobi

Ndugu zangu, mnazungumza kuhusu mtumiaji kana kwamba ni yule anayejaza tu. Mgonjwa naye yuko wapi?

Sisi Kenya tulihamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, ikichukua nafasi ya NHIF, mfuko wetu wa zamani wa bima ya afya, na usajili ukafanywa kwa *147# au kwenye tovuti. Kuthibitisha kwamba mgonjwa ndiye anayehudumiwa kulitegemea namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Kwa kijana mwenye simu mfukoni hilo ni jepesi. Kwa nyanya ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mwanawe anayefanya kazi mji mwingine, namba inaingia kwenye simu ambayo haipo hospitalini. Mfumo ulidhani kila mtu ana simu yake, ana chaji na ana mtandao, na dhana hiyo ilikuwa imeamuliwa kabla mgonjwa yeyote hajafika kwenye dirisha.

Vilevile kuna siri. Kitabu kilichofungiwa kabatini husomwa na watu wachache wanaojulikana. Taarifa zikiwa kwenye seva, nani amezisoma? Ninyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nasi tuna ya mwaka 2019, pamoja na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023. Sheria zipo, ila sijasikia mgonjwa wa kawaida akiambiwa jinsi ya kuuliza nani amefungua faili lake. Kabla hamjafunga vitabu, mpeni mgonjwa njia hiyo, na kadi yake ya kliniki asinyang'anywe kamwe, maana ndiyo kumbukumbu pekee anayoishika mwenyewe.

Mleta mada

Nashukuru nyote. Nitajibu machache.

Mtaalamu, unasema sharti langu litakwama kwa kuwa programu nyingi zinagombea safu za kitabu kimoja. Naona hiyo ndiyo sababu ya kuliweka. Leo kila programu inaongeza safu bila gharama yoyote kwake, gharama yote inamwangukia muuguzi, na kwa kuwa hakuna bajeti inayoonyesha dakika za muuguzi, safu inaonekana kuwa ya bure. Sharti la kuondoa kabla ya kuingiza litawalazimisha wakae meza moja na wagombane wao kwa wao huko Dodoma, badala ya ugomvi huo kumalizwa kimyakimya na mtu aliye zamu.

Ndugu wa Nairobi, kadi ya mgonjwa sikuihesabu miongoni mwa vya kuondolewa, na kuhusu haki ya kujua nani amefungua faili, nakubali kwamba iwe sehemu ya masharti.

Dada muuguzi, kuhusu wakaguzi umenibadilishia mpangilio. Nilikuwa naanza na mfumo, sasa naona pa kuanzia ni fomu ya usimamizi. Mkaguzi akiagizwa kuanzia kwenye skrini, mfumo utajazwa mama akiwepo. Akiendelea kuanzia kitabuni, hata tukinunua vishikwambi vipya kila mwaka vitajazwa jioni. Napendekeza basi tuanze na kitabu namba 7, kwa kuwa daftari la chanjo la kielektroniki tayari lipo na siku za kliniki zinajulikana, ni mchana, na wahudumu wanajipanga.

Muuguzi mkunga, zahanati ya kijijini

Namba 7 naikubali, kwa masharti mawili. Mfumo ufanye kazi bila mtandao na utume taarifa baadaye wenyewe, na ile orodha ya waliokosa mahudhurio aliyoisema kaka mtaalamu iwe ndiyo ukurasa wa kwanza unaofunguka. Karatasi za tali ziondoke siku hiyo hiyo, maana kuhesabu vijistari ni kazi ya mashine.

Namba 5 ifuate, kwa vituo vyenye umeme wa uhakika. Namba 12 iwe ya mwisho kabisa, na patografu ya karatasi ibaki hata baada yake. Waraka wa kufunga kila kitabu usainiwe na ofisi ile ile inayowatuma wakaguzi, siyo na mradi, kwa sababu mradi ukiisha wanaobaki kuulizwa kitabu kiko wapi ni sisi.